Geuza chupa kwanza

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Unafanyaje ili tangazo lisikuamulie cha kununua?" Mimi hutafuta namba ambayo tangazo limeiacha. Matangazo mengi ya bidhaa halali hayasemi uongo wa wazi. Yanachagua tu la kukuonyesha.

Chukueni kinywaji cha embe cha watoto. Mbele ya chupa kuna embe lililokatwa, linachuruzika, na maneno makubwa "chenye vitamini C". Geuza chupa. Viambato huorodheshwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia: maji, sukari, kisha ladha, rangi na vingine. Embe lenyewe mara nyingine halimo kabisa. Halafu tazama jedwali: sukari gramu 11. Hapo ndipo wengi tunapopitiwa, maana hizo 11 ni za mililita 100 tu, na chupa ni ya mililita 500. Zidisha mwenyewe: gramu 55, karibu vijiko 14 vya chai. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, linataka mtu mzima asizidi takriban gramu 50 kwa siku, na linasema ni bora zaidi akishuka chini ya 25. Mtoto wa darasa la pili anazipita zote mapumziko ya saa nne asubuhi. Vitamini C ipo kweli, sibishi, lakini hata chungwa la sokoni linayo.

Mikopo ya simu nayo ni hivyo hivyo. "Ada asilimia 15 tu", lakini inakatwa mwanzoni: unapokea 85,000, unarudisha 100,000 mwezi ukiisha. Ada ya 15,000 juu ya 85,000 uliyoshika ni karibu asilimia 18 kwa mwezi; kwa mwaka hiyo inapita asilimia 200, na bango halikwambii.

Wanangu nimewazoesha kusoma nyuma ya chupa kabla ya kuniomba ninunue. Hata hivyo si haki mzigo wote aachiwe mzazi aliyesimama kwenye foleni na mtoto analia. Nchini Chile, tangu 2016, bidhaa inayozidi kiwango cha sukari au chumvi lazima ibebe alama nyeusi ya pembe nane mbele ya pakiti, na katuni za kuvutia watoto haziruhusiwi juu yake. Sheria ya namna hiyo naitaka na hapa kwetu, na gramu ziandikwe za chupa nzima.