Re: Mtafiti wa magonjwa sugu na dawa anafanya nini hasa?
Mkuu umeuliza kama ukisomea epidemiolojia (kuchunguza magonjwa yanavyotokea kwa watu na sababu zake) ya kisukari na presha utaishia kukaa na kompyuta tu. Kompyuta ipo, ila kazi yenyewe ni kujiuliza hii dawa ndo imemsaidia mgonjwa, au wanaoimeza walikuwa na afya nzuri toka mwanzo? Cheki ishu ya homoni wanazopewa wanawake waliokoma hedhi, miaka kibao tafiti za kufuatilia watu zilionyesha zinalinda moyo, halafu 2002 kule Marekani jaribio la Women's Health Initiative likasimamisha vidonge vya estrojeni na projestini maana saratani ya matiti na kiharusi viliongezeka. Mi hapo ndo nilipoipenda hii fani. Takwimu usizikimbie kabisa. Na subira, utafiti wa magonjwa ya moyo wa Framingham kule Marekani walianza 1948 na watu 5,209, wakaja kufuatilia mpaka wajukuu.