Waliochoma duka wana miaka 16: je, watafungwa?

Swali: Vijana wawili wenye umri wa miaka 16 walivunja duka langu usiku, wakaiba, kisha wakalichoma moto. Je, umri utawaepusha na kifungo?

Jibu: Si lazima. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataka kifungo cha aliye chini ya miaka 18 kiwe hatua ya mwisho na cha muda mfupi kadiri inavyofaa, lakini haukikatazi. Wizi peke yake huweza kuishia kwenye uangalizi na fidia. Uchomaji ni mzito zaidi, na mahakama hupima kama kulikuwa na mtu ndani, nani aliyewasha moto, na kama ulikusudiwa kuficha ushahidi. Mweleze mwendesha mashtaka hasara yako yote, yakiwemo mapato uliyokosa (wengi huyasahau), kabla adhabu haijatolewa.