Tunataka milima ila magoti hayataki, tufikie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu naishi Tabata, nina miaka 66 na mume wangu ana 71. Watoto wamechanga hela wanataka tukapumzike wiki nzima sehemu ya milima yenye baridi, maana sisi wote ni watu wa kutembea, asubuhi tunazunguka mtaani hata saa nzima bila shida. Ila goti langu la kulia linauma nikishuka ngazi, na mzee ana presha, anameza dawa kila siku. Mtoto mmoja anasema twende Marangu, mwingine anasema Morogoro kwa sababu ya treni, mimi moyo wangu uko Lushoto ila naambiwa ile barabara ya kupanda inatisha. Tushauri, tusije tukala hela za watoto alafu tukaishia kukaa chumbani. *Mama Mstaafu, Tabata*

JIBU: Shikamoo mwalimu, na mzee naye mfikishie shikamoo yake. Watoto wenu wamefanya jambo la maana sana, ila naona wanabishana kuhusu mlima wakati kwa umri wenu na goti hilo cha kubishania ni pa kulala. Yaani ukifungua mlango asubuhi, unaweza kutoka ukatembea saa mbili kwenye njia ya kawaida bila kukodi gari na bila kuanza na mwinuko wa kukata pumzi? Pakiwepo hapo ndo pa kufikia, hata kama mlima wenyewe hauna jina kubwa.

Tuanze na Morogoro. Treni ya SGR inabeba abiria tangu Juni 2024 na safari ni kama saa mbili hivi, kwa hiyo kwa usafiri hakuna wa kuishinda. Shida ni kwamba mji uko chini, kwenye mita 500 tu, joto lipo, na ukitaka kuionja milima ya Uluguru lazima uipande. Njia ambayo kila mtu atawaambia ni ile ya Morningside, kule kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani, na iko kama mita 1,300. Hiyo ni mita 800 kwenda juu alafu zile zile kurudi chini, na kurudi ndo kwenyewe, maana unashuka mchana miguu imeshachoka, misuli ya mapaja haishiki breki tena, mzigo wote unaangukia kwenye goti. Wewe mwenyewe umesema linauma ukishuka, sasa hapo ni ngazi za masaa. Morogoro nawapa wikiendi moja, mle matunda, mkae mtazame mlima kwa chini, basi.

Marangu ni pazuri na sina ugomvi napo. Kijiji chenyewe kiko kama mita 1,400, kuna migomba, kahawa, mifereji ya Wachaga inayopita pembeni ya mashamba, maporomoko ya Kinukamori hayapo mbali, na ukihitaji hospitali kubwa KCMC iko Moshi. Ninachoogopa ni presha ya watoto, sio ile ya mzee. Mkishafika pale lazima atatokea mtu aseme "si mpande tu hadi Mandara mrudi siku hiyo hiyo, wazee wengi wanafanya". Kweli wapo wanaofanya, lakini geti la hifadhi ya Kilimanjaro liko karibu mita 1,900 na Mandara, kituo cha kwanza cha kulala wapanda mlima, iko kama 2,700, kwa hiyo ni zile zile mita 800 za Morogoro ila hapa mnazipanda kwenye hewa nyepesi zaidi, na bado kuna kiingilio cha hifadhi. Ugonjwa wa mwinuko huwa unaanza kusumbua watu kuanzia kama mita 2,500, sioni sababu ya mtu mwenye presha kwenda kuujaribu likizo. Kama mna uwezo wa kusema "hapana, sisi tunaishia vijijini", Marangu inafaa sana.

Ila mimi kura yangu iko na moyo wako mwalimu, Lushoto. Mji uko kama mita 1,400, gari linawapandishia ule mlima wote kutoka Mombo, mkishuka stendi mko juu tayari, kazi ngumu imefanywa na injini. Barabara ina kilomita 33 hivi kutoka Mombo kupitia Soni, ni lami ila nyembamba, kona nyingi, upande mmoja mwamba upande mwingine bonde. Kaeni siti za mbele, msile chakula kizito Mombo, na fanyeni mpango mfike mchana msipande usiku. Kutoka Dar ni siku nzima barabarani hivyo siku inayofuata msipange kitu, lala, zunguka sokoni, angalia matunda na mboga zimepangwa mafungu, rudi ulale tena.

Matembezi ya Lushoto yanafaa wazee kwa sababu mengi yanafuata barabara za vumbi zinazozunguka ubavu wa mlima, hazikwei moja kwa moja, alafu bodaboda na gari zinapita, ukichoka unapunga mkono. Ya kwanza iwe Irente. Unatoka mjini unapita Yoghoi, mashamba ya kabichi na karoti huku na huku, watoto wanakusalimia mpaka unachoka kuitikia, na mwisho wa njia ardhi inakatika ghafla. Unasimama kwenye jiwe, Mazinde iko kule chini kabisa, mashamba ya mkonge yamenyooka mistari, barabara kuu ya kwenda Moshi unaiona kama uzi na malori hayasikiki. Pelekeni kikoti, upepo pale hauna adabu. Njiani kuna shamba la Irente, la kanisa la Kilutheri, wanatengeneza jibini, mkate na jamu, ukiagiza mapema unakula chakula cha mchana bustanini. Ushauri wangu nendeni kwa gari mpaka ukingoni alafu mrudi kwa miguu taratibu, mkikatisha shambani kula. Siku nyingine msitu wa Magamba, kuna mbega kule, kiingilio kinalipwa na ni vizuri kuwa na mwongozaji, mwambieni kabla hamjaondoka kwamba mnataka njia pana isiyo na mteremko mkali, na mkubaliane bei hapo hapo. Mtae watu wanaisifia, na ni kweli kijiji kimekaa juu ya kigongo bonde kulia bonde kushoto, lakini barabara ni ndefu na mbovu, goti litaanza kulalamika ndani ya gari. Mimi ningeiacha.

Sasa chumba, na hapa ndo nawaomba watoto wasome. Nyumba za wageni nyingi za milimani zimejengwa kwenye mteremko, picha ni nzuri kweli lakini kutoka mapokezi hadi kitandani kuna ngazi za mawe zisizo na pa kushika, na kwenda kula ni ngazi zingine. Piga simu uulize: chumba cha chini kipo? Choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Maji ya moto yapo asubuhi au jioni tu? Blanketi za ziada? Asiyeweza kujibu hayo huyo achaneni naye. Choo cha kuchuchumaa kwa goti bovu kinaharibu likizo kuliko mlima wowote.

Mzee apite kwa daktari wake kabla ya safari, aulize hasa kuhusu dawa zake maana baadhi ya dawa za presha zinakojoza, na mtu akitembea juani bila kunywa maji ya kutosha anaweza kupata kizunguzungu. Abebe dawa za siku zaidi ya zile za safari, kwenye mkoba wa mkononi, sio kwenye begi linalowekwa buti ya basi. Mwendo wenu uwe ule ambao mnaweza kupiga stori huku mnatembea, mkinyamaza wote wawili ujue mnakimbia. Na wewe mwalimu nunua fimbo mbili, moja kila mkono, ukishuka zitangulie mbele yako, hatua fupi fupi. Aibu ya nini.

Mwezi: Machi hadi Mei ni masika, udongo mwekundu unateleza vibaya, msiende. Juni hadi Agosti ni kukavu zaidi lakini baridi ya usiku sio ya mchezo kwa mtu wa Dar. Septemba mpaka mwanzo wa Oktoba ndo napapenda, kabla vuli haijaanza.

SWALI: Sisi ni chama cha kina mama wa Mombasa, wengi tumevuka 60, Lushoto ni mbali na kuna mambo ya mpaka. Hapa karibu kuna nini? *Mweka hazina, Likoni*

JIBU: Wundanyi, milima ya Taita. Pandeni SGR ile inayosimama vituo vya njiani, mshuke Voi, hapo mnakodi matatu nzima kupitia Mwatate mpaka juu, lami mwanzo mwisho ila kona zipo. Mji uko mwinuko kama ule wa Lushoto, hospitali ya Wesu iko hapo juu yake, na kuna njia za mashambani za kutembea asubuhi kabla ukungu haujaisha. Vuria ndo kilele chenyewe, mita 2,208, nendeni kwa gari wale wanaotaka picha. Na kwa kuwa mko wengi gawaneni makundi mawili tangu siku ya kwanza, la mwendo wa polepole na la mwendo wa polepole zaidi, itawaepusha na maneno.

SWALI: Wazazi wangu ni Wazanzibari tunaishi nao Maskati, nataka niwatoe kwenye joto la Julai, wanatembea ila sio sana. *Kijana wa Seeb*

JIBU: Jabal Akhdar, milima ya huko huko Oman, ule uwanda wa juu wa Sayq upo kama mita 2,000 na hali ya hewa huko ni tofauti kabisa na Maskati. Uwe na gari la fowili, pale Birkat al Mawz kuna kizuizi cha polisi na gari dogo haliruhusiwi kupanda. Kile kinjia cha kuunganisha vijiji vya Al Aqr, Al Ayn na Ash Shirayjah kinapita kwenye bustani za ngazi na mifereji ya falaji, ni kizuri lakini kina vidaraja na ngazi za mawe, kwa hiyo wapeleke kipande cha kwanza tu, wewe rudi ufuate gari uwasubiri kijiji kinachofuata. Wakitaka kuona mawaridi yakivunwa, basi sio Julai, ni Aprili.