Kiyoyozi Kimegoma: Maswali Yenu kwa Fundi wa Stima

Fundi, feni ya ndani inazunguka lakini baridi hakuna. Mtambo wa nje unanguruma kidogo kisha unanyamaza. Jirani anasema gesi imeisha. (South B)

Kwa jirani, kila ugonjwa ni gesi! Mngurumo huo mfupi unanifanya nishuku kapasita kwanza, kile kikopo kinachoipa kompresa, yaani pampu ya gesi iliyo kwenye mtambo wa nje, nguvu ya kuanza kuzunguka. Kikivimba kichwani au kikivuja mafuta, hakifai tena. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kompresa, na huko kuwasha na kuzima ukibahatisha ndiko kunakoiunguza kompresa. Ila usikifungue mwenyewe. Kapasita hubaki na chaji hata baada ya kuzima swichi kuu. Nikiwa mwanagenzi nilisahau kuitoa chaji. Bisibisi ilitoa cheche hadi nikaiachia. Tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya.

Breka inajizima kila nikiwasha kiyoyozi. Niweke kubwa zaidi? (Kileleshwa)

Hapana, tafadhali. Breka iko pale kulinda waya. Ukiweka ya ampea 32 kwenye waya mmoja wa milimita mraba 2.5, waya utapata moto na breka itanyamaza tu. Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) hula takriban kilowati moja, yaani ampea nne au tano kwa volti 240, kwa hiyo breka nzuri ya ampea 20 haina sababu ya kulalamika. Jaribu hivi: kiweke kwenye feni pekee. Breka ikitulia, kosa huenda liko nje, kwenye kompresa au nyaya zake. Ikijizima baada ya dakika ishirini hivi, angalia kama laini ni moja na birika au hita ya maji, na fundi akaze skrubu za breka.

Plagi inapata moto na kunukia plastiki. (Umoja)

Zima sasa hivi, hayo mengine utasoma baadaye. Soketi imelegea au unatumia ekstensheni. Kiyoyozi hakichomekwi kwenye ekstensheni. Badilisha soketi na plagi zote mbili, maana iliyoungua huiharibu mpya.

Stima ikirudi, kiyoyozi hakitoi baridi mara moja. Kimeharibika? (Lang'ata)

Hapana, hakijaharibika. Kompresa huzuiwa kwa makusudi kwa dakika tatu hivi, ili shinikizo la gesi lishuke kwanza. Kunywa chai.