Mwanangu, kuhusu kuoga Ganga

Voisi yako nimeisikia. Unasema mwenzako wa hosteli anakupeleka kwao Varanasi, huko huko India, wikiendi hii, mama yake ameshasema asubuhi mnashuka wote kuoga Ganga, ule mto mtakatifu wa Wahindu (Ganges), na we unaniuliza mimi, kwa vile nashinda maabara napima maji ya watu, kama ni kweli yale maji yanajisafisha yenyewe.

Sasa sikia, hiyo ya kujisafisha wala sio stori tupu. Mwaka 1896 Mwingereza mmoja, Ernest Hankin, aliona vijidudu vya kipindupindu vinakufa haraka kwenye maji ya Ganga, baadaye ikajulikana kuna virusi wanaoshambulia bakteria. Ila kila virusi wa aina hiyo ana bakteria wake, hawamalizi wote, na kwenye kromiamu, ile kemikali ya viwanda vya ngozi vya mji wa Kanpur, hawafui dafu, na mto unapita Kanpur kwanza ndo ufike huko unakoenda.

Watu wakisikia Ganga mchafu wanawaza maiti zinazochomwa pale Manikarnika, kwenye ngazi za mtoni hapo Varanasi. Ni kweli zinachomwa na majivu yanaingia mtoni, lakini mi naona inasemwa sana kwa vile inatisha kwenye picha. Shida kubwa ni vyoo, yaani maji taka ya miji yote hiyo. Mwaka 1986 serikali ya Rajiv Gandhi ilianzisha mpango wa kuusafisha, wakajenga mitambo na pampu, halafu umeme ukikatika pampu zinasimama na kinyesi kinaingia mtoni kama kawaida (mtu aliyekulia kwenye mgao simuelezi zaidi). 2014 ukaja mwingine, Namami Gange, rupia bilioni 200, mitambo imeongezeka kweli. Lakini kwenye Kumbh ya 2025, ile sikukuu kubwa ya Wahindu kuoga mtoni, kule mji wa Prayagraj, bodi yao ya uchafuzi iliripoti kwamba bakteria wa kinyesi wamezidi kipimo cha maji ya kuoga, ambacho ni 2,500 kwa mililita 100, wiki chache baadaye ikatoka ripoti nyingine kwamba kwa hesabu za kitakwimu yanafaa, watu wakabaki wanabishana.

Kuna mzee namheshimu sana kwenye kazi hii, Veer Bhadra Mishra, alifariki 2013. Alikuwa mkuu wa hekalu la Sankat Mochan hapo hapo Varanasi na papo hapo profesa wa uhandisi wa maji, taasisi yake ikawa na maabara ya kupima mto, vipimo anavijua fika na bado alikuwa anashuka kuoga. Yeye alisema ukimwambia muumini Ganga ni mchafu umemtukana, mwambie njoo uone wanachommwagia mama yako (Ganga wao wanamwita mama), hapo atakusikiliza. Kwa hiyo usije ukaanza hotuba ya bakteria mbele ya mama wa watu.

We shuka nao kwa adabu, ingia mpaka magotini, nawa mikono, inatosha. Usizamishe kichwa, maji yasikuingie mdomoni, na kama una kidonda mguuni baki kwenye ngazi sema mama kakataza. Wakikupa maji ya Ganga kwenye chupa pokea kwa mikono miwili, usinywe. Ukirudi oga na sabuni, na tumbo likivuruga siku zinazofuata nenda hospitali siku hiyo hiyo, sio unanitumia voisi kwanza.