Kishona nguo hakifi tena kwa dawa: niongeze kipimo?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nalima mahindi Mbozi, ekari nne. Kwa misimu sita sasa napuliza dawa ya magugu ya glaifosati kabla ya kupanda, jembe nimeliweka pembeni. Mwanzoni shamba lilikuwa linakauka lote. Siku hizi kishona nguo kinabaki kijani katikati ya majani makavu, na msimu huu kimeenea zaidi. Muuzaji wa duka la pembejeo ameniambia magugu yameshazoea dawa, kwa hiyo nipulize kipimo mara mbili, au nichanganye na dawa nyingine ya magugu, parakwati, na sabuni ya unga. Nifanyeje? – Msomaji, Mbozi

JIBU: Marahaba. Usiongeze kipimo na usichanganye chochote. Swali hili linanifikia kila mvua zinapokaribia, na karibu kila mara muulizaji ameshapitia dukani kwanza.

Magugu hayazoei dawa. Mche ulionusurika jana haukujifunza kitu. Kabla hujanunua chupa yako ya kwanza, udongo wako ulikuwa na mbegu za kishona nguo zisizohesabika, na huenda chache sana kati yake zilikuwa na tofauti ndogo ya kurithi iliyozifanya zisife kwa glaifosati. Dawa haikuileta tofauti hiyo, iliikuta. Ulipopuliza, miche mingine ikafa, ile yenye tofauti hiyo ikabaki na jua lote, maji yote na mbolea yako yote. Mche mmoja wa kishona nguo hutoa maelfu ya mbegu. Wakulima wanaotunza mbegu zao huteua mahindi yaliyojaza vizuri wakayapanda mwaka unaofuata. Nawe kwa misimu sita umeyateulia magugu mbegu vivyo hivyo, bomba likiwa mgongoni.

Wanaoshikilia habari ya kuzoea ndio hao hao wanaosema ongeza kipimo, kana kwamba gugu ni mlevi anayehitaji chupa ya pili. Glaifosati huua kwa kuzuia kimeng'enya kimoja, yaani kichocheo cha kemikali ndani ya mmea, ambacho mmea hukitumia kutengeneza asidi amino, malighafi ya protini zake. Yapo magugu ambayo kimeng'enya hicho kimebadilika umbo kidogo, dawa haikishiki sawasawa. Mengine huizuia dawa isisafiri kutoka kwenye jani hadi kwenye mizizi. Kule Georgia, Marekani, katikati ya miaka ya 2000, mchicha pori wa aina ya Palmer ulianza kushinda glaifosati kwenye pamba. Walipouchunguza walikuta jeni ya kimeng'enya hicho imejirudufu ndani ya mmea, baadhi ya mimea ikiwa na nakala zaidi ya 100, kwa hiyo kimeng'enya kinakuwa kingi kuliko dawa inavyoweza kukizuia. Mmea wa namna hiyo ukiupulizia kipimo mara mbili unapoteza fedha tu.

Kupunguza kipimo nako kuna hatari yake. Anayepima kwa kifuniko na kukisia ili chupa ifike ekari ya mwisho anaacha hai miche yenye ukinzani kidogo kidogo, yaani uwezo wa kurithi wa kutokufa kwa dawa. Miche hiyo huchavushana, na vizazi vyake hukusanya ukinzani huo mahali pamoja. Watafiti wa Australia walilionyesha hilo kwa gugu la nyasi liitwalo kwa Kiingereza ryegrass, na vizazi vichache tu vilitosha.

Parakwati ndiyo inayonikasirisha zaidi. Huunguza majani kwa muda mfupi, na jani lililoungua haliwezi kuisafirisha glaifosati hadi mizizini, kwa hiyo unalipia dawa mbili na moja inaiharibia nyingine. Isitoshe, mwaka 1989 kishona nguo hiki hiki kiliripotiwa kushinda parakwati kwenye mashamba ya kahawa ya Kenya. Na mtu akimeza parakwati, hata funda moja, hospitali haina dawa ya kuiondolea sumu hiyo. Halafu kuna anayeimimina kwenye chupa ya soda na kukupa uende nayo nyumbani kwenye watoto!

Kabla ya kuhukumu, rudi shambani ukaangalie kwa karibu. Kama yaliyobaki ni magugu ya kila aina, yamejipanga kwa mistari, hapo nozeli ilikosea au ulipitisha bomba haraka. Kama ulichota maji ya matope, udongo uliishika glaifosati ndani ya bomba kabla haijagusa jani. Kongwe na ndago zisikuchanganye, hizo ni sugu kwa asili. Lakini ukikuta miche miwili ya kishona nguo imesimama bega kwa bega, ya umri mmoja, mmoja umekauka na mwingine umepata manjano kidogo kileleni kisha ukachipua upya kwenye vifundo vya chini, una sababu ya kushuku ukinzani. Ing'oe miche hiyo kwa mkono kabla haijachanua. Ikiwa mbegu zimeshakomaa, kusanya kiasi, na nyingine utoe mahali pasipowahi kupulizwa, uzipeleke kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Uyole wazipande na kuzipima pamoja.

Msimu ujao jembe lirudi, angalau kwenye vipande vilivyoathirika. Funika udongo kwa mabua. Ukitaka kubadili dawa, soma kiambata amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua, kilichoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la biashara, kwa sababu chupa tano za rangi tano dukani zaweza zote kuwa glaifosati. Atrazini hufanya kazi kwa njia nyingine na mahindi huistahimili, ila inaua maharage uliyochanganya humo, na mabaki yake yaweza kuyadhuru hata ya msimu unaofuata.

Wakulima wengi wananiambia kiwanda kitaleta dawa mpya. Kwa zaidi ya miaka thelathini tangu miaka ya 1980, karibu hakuna dawa ya magugu yenye namna mpya ya kuua iliyoingia sokoni. Kilichobadilika zaidi ni majina na vifungashio. Hizi tulizonazo tukizimaliza nguvu kwa mchanganyiko wa kubuni, watakaoumia kwanza ni wenye ekari nne kama wewe, wasiomudu vibarua wa kupalilia shamba zima. Kwa hiyo duka likikupa dawa isiyo na lebo, au mchanganyiko ambao lebo haiutaji, usinunue, na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu au kwa afisa ugani wa kata yako.