Kabla hujaandika "hasi"

Jamani wanangu mnaoanza maabara, juzi nilipita kwenye meza ya jeli nikamkuta kijana wetu mmoja ana sampuli 12, hakuna bendi hata moja, na daftarini keshaandika "HPV hasi", yaani kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi hakimo. Nikamuuliza, beta-globini iko wapi, ile jeni ya binadamu inayoonyesha kwamba DNA imo kwenye sampuli? Hakuiendesha. Nikakaa chini. Kosa hilo nalijua.

1. Acheni kusema kirusi kinabadilisha jeni ya p53, protini inayozuia uvimbe. E6, protini ya kirusi, inaikamata p53 yenyewe na kuipeleka ikavunjwe. E7, nayo ya kirusi, inaishika Rb, protini iliyo breki ya seli, seli ikagawanyika bila breki. Jeni ya TP53, inayotengeneza p53, mara nyingi utaikuta nzima. HeLa, seli za saratani zinazokuzwa maabara, za Henrietta Lacks za mwaka 1951, zina HPV 18 na TP53 isiyo na kasoro. C-33A, seli nyingine za maabara, hazina kirusi, na TP53 yake imeharibika. Ziwekeni zote mbili, moja chanya na moja hasi, kila mnapoendesha PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi.

2. Fomalini, dawa ya kuhifadhi tishu. Isiyo na bafa ya kuzuia asidi, tishu ikilala humo majuma, DNA hukatikakatika. Nilipokuwa mwanafunzi nilipewa bloku za zamani, yaani vipande vya tishu ndani ya parafini, za wanawake wa Unguja na Pemba. Nikatumia praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR) za MY09/11, ambazo zinataka kipande kizima cha besi 450 hivi. Sampuli nyingi zikatoka tupu, nami nikafurahi! Nilisimama mbele ya wakubwa nikatangaza kwamba saratani zetu za shingo ya kizazi nyingi hazina kirusi, kwa hiyo chanzo chake lazima kiwe mabadiliko ya TP53, ambayo wala sikuwa nimeyasoma bado. Mwalimu wangu hakunigombeza. Aliniuliza taratibu, "Mwanangu, DNA yenyewe ilikuwemo?"

Usiku ule nikaendesha beta-globini. Tupu vilevile. Praima za GP5+/6+, zinazotosheka na besi 150 hivi, ziliokoa baadhi, lakini bloku tatu nilikwisha kuzikata mpaka ikabaki parafini peke yake. Wenyewe walikwisha kufariki. Hapakuwa na wa kumwendea nikamwambie, bibi, nipe kipande kingine. Mpaka leo nikishika kisu cha maikrotomu nawakumbuka, na ndiyo sababu nawapigia kelele mnapokata slesi kumi panapotosha tatu.

3. Koti la chumba cha baada ya PCR lisiingie chumba cha kuandalia, lisije likabeba DNA iliyonakiliwa. Hata kwa dakika moja.

4. p16 nayo ni protini ya kuzuia uvimbe, lakini hapa kwenye saratani za HPV mtaikuta imejaa tele, kwa kuwa Rb haipo kuizima. Msije mkaandika kwamba rangi ya kuionyesha kwenye tishu imekosewa.

5. Bloku ikifika, andikeni ilikaa muda gani kwenye fomalini. Hamkuambiwa? Pigeni simu tiata, chumba cha upasuaji.

Yule kijana amezirudia zote 12 jana. Beta-globini imetoka kwa tisa. Zile tatu ameziandika "haipimiki", akaniletea daftari nitie sahihi.